Nikipiga magoti, maneno hayaji

SWALI: Wahariri, nawasalimu katika jina la Yesu. Mume wangu alipata kiharusi mwezi wa pili, mkono na mguu wa kulia vimelala. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha boda. Sasa nauza mukene (dagaa) peke yangu, na watoto watatu wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nimefunga, nimekesha. Mhubiri mmoja ameniambia imani yangu ina tundu, nipande mbegu ya shilingi 300,000 ndipo Mungu afungue mlango. Siku hizi nikipiga magoti nalia tu. Je, nimepoteza imani?
Mama watatu, Busia

JIBU: Pole sana, mama. Tuanze na hizo 300,000: usizitoe. Hiyo ni karo na dawa. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili apate karama ya Mungu, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Na hilo tundu la imani lisikunyime usingizi. Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba wake wa mwilini, na mwiba ukabaki. Kila tarehe 16 Februari nchi yetu ya Uganda hupumzika kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977. Nani atathubutu kusema yeye naye imani yake ilikuwa na tundu?

Hujapoteza imani. Aliyeipoteza hapigi magoti. Ulichopungukiwa ni maneno, na Biblia inayo ya kukuazima. Fungua Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Kabla hujaenda sokoni, tenga dakika kumi uisome kwa sauti. Mistari miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Simama hapo uongeze la kwako, bila kulipamba: "Hata lini mkono huu utalala kama gunia?" Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi, omba jambo moja la leo: debe hili liishe, mwalimu mkuu anisikilize. Ndipo usome, "Nami nimezitumainia fadhili zako." Angalia vizuri: kati ya mstari wa 4 na wa 5 hatuambiwi kwamba adui ameondoka. Daudi anategemea akiwa bado ndani ya shida.

Wengi hukosea hapa. Huruka moja kwa moja hadi mstari wa 5 kwa sababu wamefundishwa kwamba kulalamika ni kumkufuru Mungu. Uchungu usiosemwa hauondoki. Jioni huwaangukia watoto. Siku ambayo mstari wa 5 unakukwama kooni, ishia wa 4, urudi kesho. Zaburi ya 88 yenyewe inaishia gizani, na bado ni sala. Siku ya machozi matupu, kaa nayo hivyo hivyo: Roho "hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa" (Warumi 8:26).

Mfungo uache kwa sasa. Eliya alipoomba afe, Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akamletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili (1 Wafalme 19). Wewe unabeba madebe mchana na kumgeuza mgonjwa usiku. Kunywa uji kabla ya kutoka. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, kwa hiyo tafuta ndugu wa kukupokea walau usiku mmoja kwa wiki. Dawa za presha alizoandikiwa azimeze kila siku, hata baada ya kuombewa. Waulize hospitalini mazoezi ya vidole, kiwiko na goti, na myaanze mapema, maana miezi ya kwanza ndiyo viungo hurudi zaidi.

Kanisani usiseme "mniombee" ukaishia hapo. Watu wema wengi hawajui waanzie wapi. Taja kazi: wanaume wawili wa kumwogesha Jumamosi, mzee mmoja wa kwenda nawe shuleni. Shuleni nendeni kabla watoto hawajafukuzwa tena, mkiwa na kiasi kidogo mkononi, mwombe kulipa kwa awamu na mwandikiane. Walokole wa uamsho wa miaka ya 1930 walikutana katika vikundi vidogo na kufunuliana mambo yao waziwazi. Kama kanisa lako lina kikundi cha namna hiyo, peleka hili huko, si kwa mhubiri anayetaja bei.

SWALI: Jirani yangu amefiwa na mtoto. Nimwambie nini asimkasirikie Mungu?
Kijana, Arua

JIBU: Usimwambie kitu, ndugu. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vyema. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu, na Mungu akawakemea (Ayubu 42:7). Usiseme "Mungu alimpenda zaidi." Teka maji, pasua kuni, mtaje mtoto kwa jina lake. Matangani watu ni wengi. Wiki ya tatu ua huwa tupu. Nenda wiki hiyo.