Wentworth Woodhouse ni la nani sasa?

Ndugu, umeuliza kama lile jumba la Wentworth Woodhouse kule Yorkshire, Uingereza, bado ni mali ya ukoo wa malodi. Hapana. Tangu 2017 linamilikiwa na taasisi ya uhifadhi, iliyolinunua kwa pauni milioni 7. Kwa jumba ambalo upande wake wa mbele una upana wa mita 185 hivi, hiyo ni bei ya kutupa, ila kasheshe ni kukarabati paa lake!

Lilijengwa karne ya 18 na Thomas Watson-Wentworth, Lodi Rockingham wa kwanza. Mwanawe, aliyekuwa waziri mkuu mara mbili, alifariki 1782 bila mtoto, na mali ikaenda kwa mpwa wake wa ukoo wa Fitzwilliam. Hao walitajirika kwa makaa ya mawe, na makaa hayohayo ndiyo yaliyowaponza. Mwaka 1946 waziri wa nishati, Emanuel Shinwell, aliamuru bustani ya jumba ichimbwe makaa karibu hadi mlangoni. Wengine husema ni chuki ya kitabaka tu. Mimi naona lipo neno hapo, maana hata viongozi wa wachimba migodi wa Yorkshire walipinga.

Baadaye likawa chuo cha walimu wa kike wa michezo, kisha likapita mikononi mwa watu binafsi wawili. Mashamba na sehemu kubwa ya kijiji cha Wentworth zilibaki upande wa Fitzwilliam, ndiyo maana watu huchanganya.