Barua kwa mwanangu: uso kwanza, ukuta baadaye

Binti yangu Rehema,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza ununue kamera ipi, Blackmagic ya 6K uliyooneshwa Kariakoo au Sony iliyokwisha kutumika, ili maombi yako ya kusomea upigaji picha za filamu katika chuo cha filamu cha FAMU, huko Praha, au katika shule ya Łódź nchini Poland, yaonekane ni ya mtu anayeijua kazi. Nitakujibu, lakini naomba unistahimilie, kwa sababu mwenzio siwezi kulisikia neno kamera bila kulikumbuka lile kopo la bati la filamu lililo juu ya kabati, ambalo mama yako hachoki kuniambia nilitupe tangu lilipoanza kunuka siki.

Unajua kilichomo ndani yake, ila sidhani kama nimewahi kukusimulia yote. Mwaka 1983 nilikuwa msaidizi wa kamera katika filamu fupi kuhusu visima vya maji, na tulipofika Pangani nilimwomba mkubwa wetu, mgeni aliyekuwa na umri mara mbili ya wangu, tumpige picha Bibi naye, akisuka ukili mlangoni kwake. Alikubali. Tulikuwa na Bolex ya milimita 16, ile ya kutiwa ufunguo kwa mkono, na filamu ya futi 100 ambayo haifiki dakika tatu. Bibi alikaa kivulini, kizingitini, na pembeni yake ukuta uliopakwa chokaa ulikuwa unawaka jua la saa saba. Vidole vyake vilikwenda bila yeye kuvitazama, na midomo ikihesabu miyaa.

Yule bwana alikielekeza kipima mwanga ukutani, akasoma 16, yaani tundu la lenzi liwe dogo, maana namba ikikua tundu hupungua. Sasa wewe unajua kwamba kifaa kile hakijui ukuta wala mtu. Kila kinachokiona hukidhania kuwa cha kijivu cha wastani, kwa hiyo kikioneshwa chokaa kitakuambia ufunge tundu la lenzi hata kama anayepigwa picha yuko gizani. Nami nilikuwa nimeshapima kwa siri. Nilikuwa nimenyoosha kiganja changu pale kivulini nikapata 5.6, yaani stopu tatu, tofauti ya mwanga mara nane, na uso wa Bibi, ulio mweusi kuliko kiganja, ulitaka tundu liwe wazi zaidi ya hapo. Nilijua. Nikaizungusha pete ya lenzi hadi 16 kwa mkono wangu mwenyewe, nikanyamaza.

Filamu ilipelekwa ng'ambo kusafishwa, na iliporudi baada ya wiki nyingi tuliitazama ukutani ofisini. Kila ufa wa chokaa ulionekana. Mahali pa uso wa Bibi palikuwa na shimo jeusi, na katikati ya shimo hilo kipini chake cha puani kiling'aa mara mbili alipogeuza kichwa. Hicho ndicho pekee tulicho nacho cha Bibi akitembeza mikono yake, maana kabla sijapata safari nyingine ya Pangani alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba kosa lilikuwa la filamu zenyewe. Si uongo mtupu: Kodak ilikuwa ikizigawia maabara kadi za kurekebishia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikiitwa Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Lakini faraja hiyo hainitoshi, kwa sababu kiganja changu kilikuwa kimeniambia namba sahihi. Ndiyo maana tangu ulipokuwa ukinibebea mfuko wa betri kwenye harusi za Chumbageni nimekuwa nikikuambia neno lilelile: uso kwanza, ukuta baadaye.

Basi naweza kusema kamera haina maana, na kwa siku mbili nilikusudia kukuandikia hivyo. Kisha nikajipinga. Kama siku ile ningekuwa na kamera ya leo, yenye kioo kinachoonesha picha palepale, hata yule bwana angeliona lile shimo, na Bibi angepigwa picha upya kabla hajamaliza mkeka. Kamera ya Alexa, ya kampuni ya ARRI ya Munich, iliyotoka mwaka 2010, ilibadilisha mengi, na Alexa 35 ya mwaka 2022 inatajwa na watengenezaji wake kuwa inabeba stopu 17 kutoka kivuli hadi weupe. Mlango na ukuta wa Pangani vingeingia humo pamoja na nafasi ikabaki. Hata hiyo Blackmagic yako inachora mistari ya punda milia juu ya sehemu zinazoungua kwa mwanga kupita kiasi. Siwezi kuvidharau vitu hivyo. Ila angalia kwamba sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ina adabu yake: kivuli unaweza kukivuta baadaye, yaani kukiangaza kwenye kompyuta, ukapata kitu, lakini weupe ukishaungua haurudi, kwa hiyo vijana wengi huulinda ukuta na kuuacha uso uzame, kisha nyumbani wanauvuta mpaka ngozi inakuwa ya majivu na chenga tupu. Ni kosa lilelile la mwaka 1983, kwa bei kubwa zaidi.

Kuhusu shule zenyewe, FAMU ilianzishwa mwaka 1946 na Łódź mwaka 1948, na zote mbili humtaka mwombaji wa masomo ya kamera awasilishe picha za mnato. Wanataka kujua unatazama nini, na picha za namna hiyo unaweza kuzipiga kwa kamera uliyo nayo sasa. Jambo jingine ambalo hukuniuliza, na ambalo kwangu ni zito kuliko kamera: katika vyuo vikuu vya umma vya Jamhuri ya Cheki, anayesoma kwa Kicheki halipi ada hata akiwa mgeni, ilhali anayesoma kwa Kiingereza analipa. Akiba yako ya kamera ingeweza kukusomesha lugha hiyo. Najua utasema lugha ni ngumu. Ni ngumu kweli, lakini wewe uliyejifunza Kiarabu kwa babu yako ukiwa na miaka saba hutanishawishi kwa hoja hiyo.

Sitakuamulia, fedha ni zako na umezitolea jasho. Nimeshaandika jibu mara mbili nikalikata, na mama yako anasema mkono wangu unataka kuliandika mara ya tatu. Acha nikuombe jambo moja tu kabla hujalipa. Shangazi yako Mwanaidi anakuja kwako Ijumaa. Mkalishe kizingitini saa saba mchana, ule ukuta mweupe wa jirani ukiwa nyuma yake, mpe kazi ya mikono ili asikutazame, kisha mpige picha kwa hiyo kamera yako ya zamani. Nitumie zote, hata zilizoharibika, na chini ya kila moja uandike ulipima wapi.

Baba yako,
Tanga