Vanity: ni ubatili au ni maringo?

Msomaji mmoja anatafsiri hadithi ya Kiingereza yenye binti ambaye "vanity" yake inamponza, kakwama, maana neno hilohilo kwenye Mhubiri 1:2, Biblia ya Kiingereza ya 1611, Biblia yetu imeliweka "ubatili mtupu". Anauliza, waliotafsiri waliteleza?

Hapana dada yangu, tena walipatia kabisa. Asili ya vanity ni Kilatini, vanus, yaani tupu, na Jerome alipokuwa anaitafsiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 aliandika vanitas mahali ambapo Kiebrania kinasema hevel, ambayo ni pumzi au mvuke, unauona sasa hivi ukigeuka haupo. Kuringa hamna hapo. Kuringa kumekuja baadaye, kwa sababu mtu anayejisifia vitu visivyo na maana alionekana naye ni mtupu, basi neno likamganda yeye, mpaka leo kule Marekani hata meza ya kujipambia yenye kioo inaitwa vanity.

Batili yetu tumeitoa kwenye Kiarabu na yenyewe haikuhama. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa rais watu walielewa matokeo yale si kitu tena, nani aliwaza maringo?

Sasa kwa huyo binti wako, naomba sana usikimbilie kiburi, wengi wanakosea hapo. Mwenye kiburi haambiliki, anadharau wenzie, na anaweza kuwa kavaa matambara na kiburi kimemjaa vilevile. Majigambo nayo ni ya mdomoni, lazima mtu aseme, na wala si aibu kila mahali, kwenye fasihi simulizi ni utanzu kamili, mtu anasimama mbele za watu anajisifu kwa ushujaa wake na wanamshangilia. Nyodo ni maringo yenye dharau ndani, unaiona kwenye mdomo uliobinuliwa hata kabla hajakujibu salamu. Vijana wana kujimwambafai, yaani kujifanya mkubwa, tamu sana, ila kwenye hadithi ya zamani haitakaa.

Binti anayesimama kila penye kioo, hata cha gari la watu, akajigeuza ajione na nyuma, huyo ana maringo. Andika maringo, na kama anatembea kwa kujionyesha ongeza mikogo.