Kwa nini zege la Warumi limedumu na letu linapasuka?

SWALI: Mhandisi, nyumba yangu iko Tanga, karibu na bahari. Haijatimiza miaka 15, lakini nguzo za baraza zimepasuka na nondo zinaonekana. Nasikia majengo ya zege ya Warumi yana karibu miaka 2,000 na bado yamesimama. Walikuwa na siri gani? Au saruji yetu ni mbovu?

JIBU: Saruji yako huenda haina kosa. Kilichopasua nguzo ni nondo. Chumvi ya bahari hupenya kwenye zege hadi kwenye chuma, chuma kikashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Basi zege husukumwa kutoka ndani mpaka libanduke. Warumi hawakupata tatizo hilo kwa kuwa hawakuweka nondo kabisa.

Lakini ilibidi wajenge kwa namna nyingine. Zege huhimili sana kukandamizwa. Likivutwa au kupindwa, hukatika upesi. Ndiyo maana Warumi walipenda matao, makuba na kuta nene, ambamo sehemu kubwa ya mzigo inashuka kwa kukandamiza. Chukua Pantheon, hekalu la kale la Roma, lililokamilika zama za Kaisari Hadrian, miaka ya 120 hivi baada ya Kristo. Kuba lake lina kipenyo cha mita 43 na ushei, na hadi leo halijajengwa lingine la zege lisilo na nondo likalizidi. Chini, unene wake ni kama mita 6. Kileleni unabaki mita 1 na kidogo. Kokoto nazo zilipangwa kwa uzito: mawe mazito kwenye msingi, vipande vya matofali na mawe mepesi katikati, na juu kabisa lile jiwe la volkano lenye vitundu, linaloelea majini. Hesabu za uzito namna hiyo, bila kompyuta, bado zinanistaajabisha.

Kisha kuna mchanganyiko wenyewe. Walitumia chokaa na majivu ya volkano, yenye sifa zaidi yakiwa ya Pozzuoli, karibu na Napoli. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliandika kipimo: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga wa kuchimbwa nchi kavu, na 1 kwa 2 za majivu baharini. Mchanganyiko huo wa majivu huganda hata chini ya maji. Mfalme Herode wa Uyahudi alipojenga bandari ya Kaisaria, majivu yaliletwa kwa meli kutoka Italia. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha pia kwamba vidonge vya chokaa vilivyobaki ndani ya zege huyeyuka maji yakiingia kwenye ufa, kisha huganda tena na kuuziba.

Hata hivyo, zege hilo hukomaa polepole, na bila nondo haliwezi kubeba slabu nyembamba ya ghorofa. Usijaribu kuliiga kwenye nguzo.

Ila majivu ya volkano unaweza kuyapata dukani. Ukiona kwenye mfuko CEM II au CEM IV yenye herufi P, saruji hiyo imechanganywa na pozolana ya asili, yaani malighafi kama hayo majivu. Inapunguza kasi ya chumvi kupenya, mradi zege limwagiliwe vizuri siku za mwanzo.

Kwa nguzo zako, usikubali fundi apige plasta juu ya nyufa. Kwanza mwite mhandisi akague kama zinahitaji kuegemezwa. Kisha zege bovu libomolewe mpaka nyuma ya nondo, kutu isuguliwe yote, nondo zilizoliwa sana ziongezewe nyingine, halafu zifunikwe kwa zege zito lenye unene wa sentimita 5 angalau.