Maswali na majibu: Misaada ya nje wakati wa maafa

Wakili, maafa yakitokea si rais atoe amri tu, misaada ipite? Sheria ya kusimamia misaada ya nje ni ya nini?

Amri hutolewa, lakini ofisa wa forodha aliye zamu usiku bado atakuuliza fomu gani ijazwe, maana akikosea atajibu yeye. Na usidhani hili ni tatizo la nchi maskini. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, nchi zaidi ya 100 ziliahidi kuisaidia Marekani. Uingereza ilipeleka vyakula vya askari, vikaishia ghalani: kanuni za Marekani za kuzuia kichaa cha ng'ombe zilikataza nyama iliyokuwamo, na hakuna aliyekuwa ameandika la kufanya siku ya dharura.

Sheria ya namna hii si kuwafungulia wageni mlango?

Ni kinyume chake. Azimio 46/182 la Umoja wa Mataifa, la 1991, linasema msaada utolewe kwa ridhaa ya nchi iliyopatwa na maafa. Nchi isiyo na utaratibu ndiyo huvamiwa na kila mwenye ndege. Sheria nzuri inamtaja anayetangaza mahitaji, inaeleza tunataka nini na hatutaki nini, na lini milango inafungwa.

Mkiisamehe kodi mizigo ya misaada, msamaha huo utakuwa kichaka cha wakwepaji. Unasemaje?

Hofu yako ina msingi, na wanaoipuuza hawajawahi kukaa na watu wa mapato. Ila tazama upande wa pili. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, shirika la misaada la Oxfam lilitozwa Sri Lanka takriban dola milioni 1 za ushuru kwa magari 25 ya kazi. Fedha zile zilichangwa kwa ajili ya waathirika.

Dawa ni kuuwekea msamaha masharti. Usiwe wa kila mtu: uwe wa mashirika yaliyochujwa mapema, wakati wa utulivu, yakaingia kwenye orodha. Uwe na tarehe ya mwisho. Gari lililoingia bila ushuru lisiuzwe bila idhini. Kazi ikiisha lirudishwe lilikotoka, likabidhiwe kwa taasisi ya umma, au lilipiwe. Shirika likivunja masharti, linapoteza msamaha, na hilo liandikwe waziwazi. Miongozo ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu iliyopitishwa Geneva mwaka 2007 inakwenda hivyohivyo: nafuu kwa anayetimiza viwango. Binafsi ningeongeza msamaha wa ada za kuhifadhi mizigo bandarini, maana watu husamehe ushuru wakasahau kwamba kontena linaendelea kuhesabiwa siku.

Na dawa zinazokaribia kuisha muda?

Zikataliwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka, kwa kawaida, dawa iwe imebakiza angalau mwaka mmoja inapofika. Kuteketeza dawa mbovu ni gharama, na anayelipa ni aliyepewa.

Tuanzie wapi?

Ipo sheria ya mfano ya mwaka 2013, iliyoandaliwa na Shirikisho la Msalaba Mwekundu, OCHA (ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya kibinadamu) na Umoja wa Mabunge Duniani. Isomeni, msiinakili. Kwanza waketisheni pamoja watu wa forodha, uhamiaji, afya, mifugo, mawasiliano na anga, muwape zoezi: Jumamosi saa tano usiku ndege imetua na waokoaji, madaktari, mbwa wa kunusa watu walionaswa kwenye vifusi, na simu za setilaiti. Nani anagonga viza? Leseni za madaktari zinatambuliwa na nani, kwa saa ngapi? Mbwa wanawekwa karantini? Simu je, zina kibali cha masafa? (Hapo mwulizeni mtu wa mawasiliano kama nchi imejiunga na Mkataba wa Tampere wa 1998, unaohusu vifaa vya mawasiliano wakati wa maafa.) Kila mahali atakapojibu mtu "hilo si langu," andikeni kifungu.

Mkimaliza, hakikisheni kanuni zinatungwa pamoja na sheria. Nimeona sheria nzuri zikikaa miaka bila kanuni, na ofisa wa zamu hafanyi kazi kwa sheria. Anafanya kwa fomu.