Goti la baiskeli: usilitibu goti peke yake

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili: kwa nini goti linakuuma kwa mbele ukishinda kwenye baiskeli kati ya Ngamiani na Chumbageni, na kama lipo zoezi la kukaza goti. Vilima hatuwezi kuvisingizia, Tanga yetu ni tambarare. Nimefundisha vijana mpira hapa mjini kwa muda mrefu, na magoti ndiyo yaliyonilazimisha kujifunza mwili unavyokwenda.

Goti halijipindi lenyewe. Kiungo ni mahali mifupa inapokutana. Ncha zake zina gegedu, ile tabaka laini yenye utelezi inayofunika mfupa, katikati kuna ute wa kulainisha, na kano imara zinaifunga isiachane. Anayeitembeza ni msuli, na msuli unajua kuvuta tu, hausukumi kamwe. Kwa hiyo kila kiungo kinahitaji misuli ya pande mbili: huu ukivuta, ule unalegea, kisha inapokezana.

Jaribu sasa hivi. Kaa kwenye kiti, weka kiganja juu ya paja, unyooshe mguu. Unasikia nyama ya mbele inavyokakamaa? Hiyo ni misuli minne inayoishia kwenye kano moja, inayopita kwenye kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, na kushika mfupa wa muundi. Sasa teremsha mguu, kanyagia kisigino sakafuni na ukivute kuelekea uvunguni mwa kiti, huku vidole vyako vikigusa nyuma ya goti. Vile vitu vigumu vinavyojitokeza pande zote mbili ni kano za misuli ya nyuma ya paja. Rudi uguse paja kwa mbele: pamelainika.

Kilegesambwa ndicho cha kuangalia kwako. Kinafanya kazi kama kapi la jahazi: kinaiweka kano mbali kidogo na katikati ya goti, msuli ukapata nguvu zaidi ya kunyoosha mguu. Lakini goti likikunjwa sana huku limebeba mzigo, kilegesambwa kinagandamizwa kwenye mfupa wa paja. Umesema kiti chako umekishusha ili miguu ifike chini ukisimama. Basi kila unapoanza kukanyaga pedali, goti limekunjika kupita kiasi, na ndipo msuli wa mbele unapovuta kwa nguvu zote.

Pandisha kiti. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Ukiona makalio yanayumba huku na huku, umezidisha, kishushe kidogo.

Halafu mwambie mwenzako akutazame kwa mbele unavyoendesha. Goti likiingia ndani, tatizo mara nyingi liko juu, kwenye misuli ya makalio inayoshikilia paja lisipinde. Vijana wangu waliokuwa wakitua magoti yakigongana baada ya kupiga kichwa, niliwafanyisha kazi ya nyonga kuliko ya goti, na wengi walitulia. Kwa hiyo zoezi la goti peke yake sikupi. Inuka na ukae kitini polepole bila kushika kitu. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga. Simama kwenye ngazi kwa vidole, panda na ushuke, shavu la mguu lifanye kazi.

Wale waliokushauri ulifunge bandeji na kulala wiki nzima, sikubaliani nao hata kidogo. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ule ute, na mwendo ndio unaousukuma uingie na kutoka. Paja nalo lisipotumika linasinyaa upesi, goti likabaki bila wa kulishika. Punguza safari na mizigo, ila endelea kutembea.

Goti likivimba, likikwama lisinyooke, au likikuachia ghafla ukiwa umesimama, usingoje mazoezi, nenda hospitali ya Bombo wakakupime. Kama hakuna hayo, pandisha kiti leo, kisha utuandikie hapa maumivu yako upande gani na yanakuja wakati gani, maana ya kushuka ngazi na ya kukanyaga pedali hatuyatazami kwa namna moja.