Usisaini Karatasi Ofisini kwa Mkuu wa Chuo

Aligonga dirisha badala ya mlango, kabla hata muadhini wa pale kwetu Mabatini hajaanza. "Mjomba, ni mimi, nifungulie." Nilipowasha taa ya barazani nikamwona mpwa wangu amevaa shati jeupe lililokauka tope la kijivu, linanuka sabuni ya unga, na mkono umeshika sikio la kushoto. "Shikamoo mjomba," akasema, halafu akageuza kichwa ili anisikie. Ilibidi nijibu marahaba mara mbili.

Ilikuwa Novemba 2018. Alikuwa na wiki ya pili chuoni, hapa hapa Mwanza. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wamewatoa njuka, yaani wanafunzi wapya, bwenini usiku, wakawabiringisha kwenye tope nyuma ya mabafu, wakawanywesha maji ya omo, na aliyekataa kunywa alipigwa vibao. Yeye alikataa. Wenyewe wanaita "kukaribisha".

Niseme ukweli kabla sijaendelea: na mimi nilipokuwa kidato cha sita niliwahi kuwamwagia njuka maji ya baridi saa nane za usiku, na tulicheka sana. Kwa hiyo kauli ya "hata sisi tulipitia" naijua vizuri, nimeisema mwenyewe. Siku hizi nikimsikia mzazi anaisema, namuuliza tu aliyemwagiwa alikuwa nani.

Mimi si wakili. Nina duka la vifaa vya maandishi na mashine mbili za kurudufu. Naandika kwa sababu mara tatu sasa nimefuatwa na wazazi, wawili wa Ilemela na mmoja wa Magu, wakiwa na shida ile ile, na wote walikuwa wameshafanya kosa nililofanya mimi.

Dada yangu alivuka Busisi kesho yake na kivuko cha kwanza. Ilikuwa miezi miwili tu tangu MV Nyerere izame pale Ukara, na alikuwa hajapanda kivuko tangu siku ile. Alifika amevimba macho. Alipomwona mtoto, jambo la kwanza alilofanya ni kulichukua lile shati akalifua. Alilisugua kwa sabuni ya mche mpaka likawa jeupe, akalianika, akalipiga pasi. Sikumzuia. Sikujua kwamba alikuwa anafua ushahidi, na hata ningejua, sidhani kama ningekuwa na ujasiri wa kumnyang'anya mama shati la mwanawe.

Siku ya tatu tukaitwa chuoni. Mapokezi yalikuwa mazuri mno, na hapo ndipo ningeshtuka. Mkuu wa chuo, mshauri wa wanafunzi, mlezi wa bweni, soda baridi, maandazi kwenye sahani. Tukaambiwa vijana ni vijana, kamati ya nidhamu itawashughulikia, chuo kina heshima yake, na mtoto wetu naye ana mitihani mbele yake, tusimharibie. Ikaletwa laki tatu kwenye bahasha, "ya matibabu," na karatasi moja iliyochapwa. Ilisema familia imeridhika na suala limemalizika kifamilia. Dada akanitazama. "Wewe ndiye msomi," akasema. Nikasaini.

Wiki moja baadaye daktari wa masikio akatuambia ngoma ya sikio imetoboka na usikivu umepungua. Laki tatu ilikuwa imeshakwisha kwa vipimo na nauli.

Nilichojifunza baada ya hapo nimefundishwa na msaidizi wa kisheria mmoja, mama wa makamo, ambaye aliisoma nakala ya ile karatasi akavua miwani na kuniuliza, "Baba, hii umesaini ukiwa na akili zako?" Kisha akaniambia neno ambalo ningependa kila mzazi alijue: kesi ya kupigwa si mali ya familia. Mahakamani inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Ninyi ni mashahidi. Chuo hakina uwezo wa kuifuta kwa karatasi, na ninyi hamna uwezo wa kuiuza. Ila karatasi ile inafanya kazi nyingine, mbaya zaidi: inawafanya mkae nyumbani. Mashahidi wakikaa nyumbani, kesi inakufa yenyewe bila mtu kuiua. Kwa hiyo ukiitwa ofisini, nenda, sikiliza, kunywa soda. Ukipewa karatasi, omba nakala ukasome kwa wakili. Ukipewa hela ya matibabu, waambie wakulipie bili hospitalini kwa risiti. Anayetaka kukusaidia kweli hatakataa.

Pili ni polisi na PF3. Kama mtoto yuko hali mbaya, hospitali kwanza, mtu mwingine wa familia aende kituoni. Kama anatembea, anzeni kituoni. Mtaandikiwa kwenye kitabu cha taarifa na kupewa namba ya RB. Iandikeni mahali pawili. Mtapewa PF3, ile fomu ya polisi anayokwenda kuijaza daktari. Sisi tuliipata siku ya tisa. Wekundu wa shavuni ulishapotea, michubuko ya magoti ilishakauka, na daktari huandika anachokiona.

PF3 nitaikalia kidogo kwa sababu watu wanaichukulia kama tiketi ya kupatia matibabu. Ile fomu ndiyo inayoamua uzito wa kosa. Ndani yake daktari anatakiwa kusema dhara ni la aina gani, na maana za aina hizo zimechapwa humo humo. Kwenye Kanuni ya Adhabu hutakuta kosa linaloitwa kukaribisha wageni. Utakuta shambulio la kawaida, ambalo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja. Shambulio la kudhuru mwili, hadi miaka mitano. Na kudhuru vibaya, hadi miaka saba. Kudhuru vibaya ni pamoja na kuharibu kabisa au vibaya kiungo au mlango wa fahamu, na sikio limo. Kibao kile kile kimoja kinaweza kuangukia shimo lolote kati ya hayo matatu, kutegemea daktari ameandika nini. Hati ya kwanza ya mashtaka kwetu ilisoma shambulio la kawaida, kwa sababu PF3 ilijazwa siku ambayo alikuwa bado hajapimwa usikivu. Tulipopata ripoti ya daktari wa masikio tukaipeleka kwa mpelelezi, naye kwa mwendesha mashtaka, na hati ikabadilishwa kuwa shambulio la kudhuru mwili. Kwa hiyo daktari akigundua jambo jipya, lipelekeni kwa maandishi. Msingoje kuulizwa.

Umri nao unabadilisha mambo. Mpwa wangu alikuwa na miaka 19, kwa hiyo mlalamikaji ni yeye, na maelezo anatoa yeye, si mama yake. Dada alitaka kumsemea kila sentensi mpaka askari akamwomba kwa adabu akae kwenye benchi la nje. Vyuo vya cheti na diploma vina watoto wa miaka 16 na 17. Huyo ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na nenda naye moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hata mkubwa, kama kilichofanyika kina harufu ya udhalilishaji wa kingono, aende huko huko, na asioge kabla. Maelezo yakishaandikwa, asomewe au asome mwenyewe kabla ya kusaini. Kwetu waliandika "walikuwa wanataniana". Tukakataa, ikafutwa.

Wakishakamatwa, watapewa dhamana. Mtaani watasema kesi imekwisha, wamehonga. Dhamana si kushinda kesi. Lakini kama ni mpelelezi ndiye anayekuomba hela ya mafuta ili akawakamate, hiyo ni rushwa, na TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo. Jalada likilala bila sababu, panda ngazi: mkuu wa polisi wa wilaya, kisha mkoa, kisha ofisi ya mashtaka ya mkoa. Kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hapo duka langu lilinisaidia. Nilikuwa narudufu kila kitu nakala tatu.

Kulikuwa na klipu. Siku hizi huwa ipo. Mmoja wao alirekodi huku anacheka na kuitupa kwenye kundi la darasa. Binti mmoja mwenye moyo akamtumia mpwa wangu. Dada alitaka tuisambaze mitandaoni "dunia ione". Msaidizi wa kisheria akatukataza: mnamdhalilisha mtoto wenu mara ya pili, na mnaweza kujiingiza wenyewe kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aliyeisambaza ili kumdhihaki ndiye wa kujibu. Kazi yenu ni kuitunza simu ilivyo, kutofuta chochote, na kumkabidhi mpelelezi. Andikeni pia majina ya walioshuhudia mapema, na mikoa wanakotoka. Mitihani ikiisha, shahidi wako yuko Mpanda.

Kuna kesi nyingine tofauti kabisa, ya madai, dhidi ya waliompiga na hata chuo chenyewe. Hii ndiyo ya fidia: matibabu, masomo aliyopoteza, maumivu. Kushinda chuo inabidi muonyeshe kwamba kilijua au kilipaswa kujua, na hakikufanya kitu. Ndiyo maana naomba wazazi waandike barua mapema, hata mtoto akilalamika kidogo tu, na wabaki na nakala yenye muhuri. Barua ya Oktoba ndiyo inayoongea mwezi Novemba. Hata washtakiwa wakiachiwa kwenye jinai, mlango wa madai haujafungwa, kwa sababu kipimo cha ushahidi huko ni chepesi kuliko cha jinai.

Ila muda unakimbia. Madai ya namna hii yana miaka mitatu tangu tukio. Kwa aliyekuwa chini ya miaka 18, huhesabiwa tangu alipotimiza. Chuo kikiwa cha umma, lazima kwanza mtoe notisi ya siku 90, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 kesi inakwenda Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Hapo usiende bila wakili. Kama huna hela, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili yako: ulizia wasaidizi wa kisheria kwenye halmashauri yako, au Chama cha Wanasheria Tanganyika; na kwa mambo ya ukatili dhidi ya wanawake na watoto, hapa Mwanza lipo shirika la Kivulini miaka mingi. Unaweza pia kulalamika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora bila kulipa. Chuo kikikufungia masikio, kina mkubwa wake: vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), vya kati chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET.

Kwa familia iliyofiwa sina uzoefu, na namshukuru Mungu. Najua mambo mawili tu: msikubali kuzika kabla daktari hajachunguza mwili na polisi hawajaandika, hata ukoo ukiwashinikiza vipi, na kwenye madai ya marehemu mtahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hiyo kikao cha familia kimchague mtu anayejua kusoma na asiyeogopa ofisi. Wenye umri wetu wanakumbuka Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1990 baada ya kuandamwa na kundi la Mzee Punch, wanafunzi wa siri waliokuwa wakiwadhalilisha wenzao kwa maandishi na michoro ukutani. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, walipiga kelele wakati ambapo wengi walisema ni utani wa chuoni.

Kuhusu masomo: mtoto asiache tu kwenda darasani. Aandike barua rasmi ya kuahirisha, aambatanishe cheti cha daktari, na kama ana mkopo, Bodi ya Mikopo ijulishwe kupitia chuo. Mpwa wangu alirudi mwaka uliofuata, chuo kingine.

Kesi ilichukua mwaka na miezi minne. Nilihudhuria tarehe kumi na moja, sita kati ya hizo ziliahirishwa. Karatasi yangu ya "tumeridhika" ilisomwa mahakamani na wakili wao, taratibu, neno kwa neno, na mimi niko kizimbani kama shahidi natazama viatu. Wawili walitiwa hatiani, wakapigwa faini na kuamriwa kulipa fidia; mahakama ya jinai ina uwezo huo, muombeni mwendesha mashtaka aikumbushe. Mmoja alitoroka dhamana. Chuo hatukukishtaki. Dada alisema amechoka kuvuka ziwa, na miaka mitatu ikapita tukiwa tunasema mwezi ujao.

Sasa kuna daraja pale Busisi, na kijana anafanya kazi mjini. Tukipanda daladala ya Buhongwa huwa haketi haraka. Ananisubiri nikae kwanza, ndipo achague upande.